Bili Ikilipwa, Mama Bado Ni Mgonjwa

Kila wiki ujumbe wa aina moja hupita kwenye makundi ya WhatsApp: la familia, la kanisa, la chama, la waliomaliza shule pamoja. Kuna picha ya mama kijana akitabasamu siku ya harusi yake, na chini yake maneno. Amejifungua, mtoto yuko salama, lakini mama amelazwa ICU. Bili inapanda kila siku. Tuma ulicho nacho kwa namba hii, hakuna kidogo. Na watu hutuma. Kwa hilo Wakenya hatuna shida. Hata yule anayelalamika kwamba michango imezidi, ukiangalia orodha jioni utapata jina lake, mia mbili.

Baada ya wiki mbili hivi unakuja ujumbe wa pili: mama ameruhusiwa, tunamshukuru Mungu, bili imelipwa yote, asanteni sana, kundi tunalifunga leo saa mbili usiku.

Maoni yetu ni kwamba kundi hilo hufungwa mapema mno.

Kazi yetu sisi ni pesa za simu, si udaktari, na hatutajifanya. Lakini pesa ya mgonjwa hupitia kwetu, na tunaona inavyokuja: nyingi siku za kwanza, nyingi tena siku ya kutoka, halafu kimya. Tunasikia pia malalamiko yanayofuata: pesa iliyotumwa kwa tapeli, mkopo uliochukuliwa kwa laini ya mgonjwa, ndugu wawili wanaotaka tuwape taarifa za akaunti ya ndugu wa tatu (hatuwezi, tafadhali msituombe). Ukichimba, mengi ya hayo yana mzizi mmoja. Familia ilijipanga kumtoa mama hospitalini. Haikujipanga kumsaidia apone.

Wiki mbili za wodini, miezi ya nyumbani

Tuseme dada yenu amejifungua Kitale, na usiku huo huo damu ikakataa kusimama. Hii ndiyo hali inayoua akina mama wengi kuliko nyingine yoyote katika uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 duniani hupatwa nayo kila mwaka, na kama 70,000 kati yao hufariki. Daktari anaamua apelekwe Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, safari ya kama kilomita 70. Anaongezewa damu. Anafanyiwa upasuaji na kizazi kinatolewa ili aokolewe. Siku nne ICU, kisha wodi ya kawaida. Mtoto yuko na nyanya yake.

Au si damu. Ni presha iliyopanda hadi mama akapata kifafa cha mimba, ambacho wengi wetu tunadhani kinaisha mtoto akitoka. Hakiishi hapo kila wakati. Kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua, na ndiyo maana wiki sita za kwanza ni za kuangaliwa. Au ni maambukizi yaliyoingia kwenye damu, homa iliyoanza kama mchezo siku ya tatu na kufikia siku ya tano mama hajitambui.

Katika hali zote tatu, mama anayeruhusiwa hajapona. Ameruhusiwa kwa sababu hahitaji tena kitanda cha hospitali. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na familia nyingi huyachanganya kwa sababu ya furaha. Aliyepoteza damu nyingi anarudi nyumbani akiwa bado na upungufu wa damu: akisimama kukoroga uji anaona kizunguzungu, akipanda ngazi ya ghorofa ya tatu anakaa chini katikati. Atameza vidonge vya madini ya chuma kwa wiki nyingi. Aliyepasuliwa hatakiwi kubeba mtungi wa maji wala kuinama kufua. Mwenye presha ana dawa za kila siku na lazima apimwe mara kwa mara. Shirika hilo hilo la Afya Duniani linapendekeza kila mama, hata asiye na tatizo, aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, halafu siku ya pili au ya tatu, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya sita. Aliyekuwa mahututi huitwa zaidi ya hapo. Na kila kliniki ya Eldoret kwa mtu wa Kitale ni nauli ya watu wawili, mara nyingine gari la kukodi, maana mtu mwenye mshono mbichi huwezi kumbana kwenye kiti cha nyuma cha matatu.

Ongeza maziwa ya mtoto, kama daktari amesema yatumike kwa sababu mama hawezi kunyonyesha. Ongeza pedi nyingi, dawa ya kidonda, msichana wa kusaidia kazi za nyumba kwa miezi miwili. Ongeza chakula. Kila jamii ina chake kwa mama aliyejifungua, njahi kwa wengine, mursik kwa wengine, uji wa wimbi karibu kwa wote, lakini mtu aliyeishiwa damu anahitaji pia maini, nyama, mayai na mboga za kijani, na sokoni hakuna anayeuza kwa huruma.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoitwa bili. Ndiyo maana hakichangiwi.

Hesabu ya watu ishirini

Familia ya watu 20 ikiombwa kila mtu atoe 4,000 kwa mara moja, kuna watakaotoa, kuna watakaozima simu, na kuna watakaokopa halafu wakae na kinyongo. Watu hao hao 20 wakiombwa 500 kila wiki kwa wiki nane, ni 10,000 kwa wiki, jumla 80,000. Ni pesa ile ile. Tofauti ni kwamba hii ya pili inafika wakati mama ana kliniki, wakati dawa zimeisha, wakati mume amerudi kazini na nyumba imebaki na mgonjwa na mtoto mchanga. Kwa njia, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba mwajiriwa wiki mbili tu za likizo ya uzazi yenye malipo. Mama akikaa wodini siku 14, likizo hiyo imeishia kwenye benchi la hospitali, na siku mama anapofika nyumbani baba anatakiwa kazini.

Kuna atakayesema: mnasema hivyo kwa sababu kutuma mara nane kuna ada nane. Ni kweli, na ada hiyo tunaipata sisi, kwa hivyo tusijifanye hatuioni. Ushauri wetu basi ni huu: walio Nairobi wakusanye pamoja, mmoja wao atume mara moja kwa wiki. Walio mbali kabisa, kama yule binamu aliye Doha, watume kwa mwezi. Anayetumia mtu ambaye lazima atoe taslimu atume na ya kutoa. Na vitu vinavyoweza kulipwa moja kwa moja kwa till ya duka la dawa au ya duka la nyama vilipwe hivyo, bila pesa kutolewa kwanza kwa ajenti. Huko kutoa ndiko kunakokula pesa za wagonjwa polepole, mara hamsini, mara mia, bila mtu kuona.

Mifuko miwili

Tunapendekeza familia ifungue mifuko miwili tangu siku ya kwanza, na iseme hivyo waziwazi kwenye kundi.

Wa kwanza ni wa hospitali. Kabla hamjaomba mtu hata shilingi, hakikisheni bima ya mama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na ule mpango wa Linda Mama uliokuwa unalipia uzazi sasa uko chini yake kwa jina la Linda Jamii. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na hulipa ya mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi. Kusajili ni kwa *147#. Mtu asajiliwe akiwa mjamzito, jamani, wakati bado anaweza kushika simu yake mwenyewe. Tunajua familia zinazoanza kutafuta kitambulisho cha mgonjwa saa tisa usiku, na kitambulisho kiko kwenye mkoba, na mkoba uko nyumbani, na funguo za nyumba ziko na mgonjwa.

Kinachobaki baada ya bima kilipwe kwenye paybill ya hospitali, ile iliyobandikwa kwenye dirisha la keshia, kwa kuandika namba ya mgonjwa ya kulazwa mahali pa akaunti. Kisiende kwa simu ya mtu halafu kikatolewa taslimu. Shangazi aliye Mombasa anaweza kulipa huko moja kwa moja na meseji aliyopata ndiyo risiti yake. Hapo hakuna wa kumshuku mwingine.

Na kama bili haijatimia, nendeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kwenda kwa mkopeshaji. Kuna makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na kuna msamaha kwa wasio na uwezo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani, iliamua kwamba kumfungia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Deni halifutiki kwa uamuzi huo, mtalilipa. Lakini msiuze ng'ombe usiku kwa bei ya hofu kwa kudhani kuwa vinginevyo dada yenu hatatoka.

Mfuko wa pili ni wa mlezi na wa nyumbani. Huu ndio watu huuonea haya kuutaja. Kuna mtu analala kwenye benchi au kwenye chumba cha kukodi karibu na hospitali, mara nyingi dada wa mgonjwa au mama yake. Ameacha kibanda chake cha mboga. Anakula chai na mandazi mara mbili kwa siku na kusema ameshiba. Hakuna bango linalosema "tumchangie anayemhudumia", kwa sababu inaonekana kama kuombea mtu mzima chakula. Sisi tunaona kinyume: mlezi akianguka, mgonjwa hana wa kumgeuza kitandani, hana wa kukimbia duka la dawa, hana wa kukamua maziwa naye yapelekwe kwa mtoto. Mpeni mlezi kiasi kinachojulikana kila siku, moja kwa moja kwa simu yake, na msimwombe risiti ya chai.

Kuna pia kisichonunuliwa, damu. Hospitali ikiomba familia ilete wachangiaji, tangazeni hilo kwa sauti ile ile ya pesa: mwenye miaka 16 hadi 65, uzito wa zaidi ya kilo 50, mwenye afya. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kijana asiye na senti mfukoni ana kitu cha kuleta hapa. Ila mtu akiwaambia atawatafutia painti mbili mkimtumia pesa kwa namba yake, huyo ni mwizi. Damu haiuzwi.

Aliye kando ya kitanda asiwe mweka hazina

Kwa kawaida namba inayotangazwa ni ya mume, au ya yule dada anayelala hospitalini. Inaeleweka. Ndiye aliye karibu. Lakini ndiye pia asiyelala, anayeitwa na daktari saa nane usiku, ambaye simu yake inalia mara sabini kwa siku kwa meseji za michango huku akijaribu kusikia nesi anasema nini. Jioni anaulizwa kwenye kundi: tumefika ngapi? Akichelewa kujibu, minong'ono inaanza. Wiki ya pili wifi yake anasema maneno ambayo hayatafutika hata mama akipona.

Mweka hazina awe mtu mwingine, mwenye jina zuri pande zote mbili za ukoo, na ikiwezekana asiye mume wala ndugu wa damu wa mgonjwa. Mjomba mstaafu. Mweka hazina wa chama. Awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, isiyo na deni, kwa sababu laini yenye deni la kufuliza ikipokea mchango inajilipa kwanza, na mchango wa mgonjwa unakuwa umelipa deni la mtu wa tatu. Hili hutokea, na mwenye laini hushindwa kueleza mbele ya watu. Afadhali kabisa paybill ya kuchangisha au akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa kwao mama.

Kumbukeni pia kwamba akaunti ya simu ina kikomo. Tangu Agosti 2023 mtu anaweza kuweka hadi 500,000 kwenye akaunti yake, na kutuma hadi 250,000 kwa mara moja. Mchango wa familia kubwa unaweza kufika hapo siku ya pili, na zinazofuata zitarudi kwa waliotuma, nao watadhani mmezikataa.

Kila jioni saa moja, mweka hazina aandike mistari mitatu: zilizoingia leo, zilizotoka na kwa nini, zilizobaki. Basi. Orodha ya nani alitoa ngapi si lazima. Tunajua baadhi ya makundi huiweka ili kuwaaibisha wasiotoa, na kweli inafanya kazi kwa siku mbili. Baadaye watu huanza kutoka kwenye kundi kimyakimya, na wiki ya sita mnapowahitaji hawapo.

Laini ya mama iachwe ilivyo

Hapa ndipo tunataka kusema kwa ukali kidogo.

Mama amelala, hajitambui, na simu yake iko mikononi mwa familia. Mtu anaijua PIN, au anaikisia: mwaka aliozaliwa, mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Kwenye simu kuna pesa. Kuna pia kikomo cha mkopo, kizuri, kwa sababu mama huyu amekuwa akilipa vizuri kwa miaka. Mtu anasema: ni kwa matibabu yake mwenyewe, ana haja gani nazo sasa?

Msifanye hivyo. Kwanza, kutumia PIN ya mtu bila ruhusa yake ni kuingia kwenye akaunti isiyo yako, hata kama ni ya mke wako. Pili, pesa unayoiona huenda si yake. Akina mama wengi ni waweka hazina wa chama, na salio la 43,000 linaweza kuwa la wanawake kumi na wawili wanaongojea zamu. Tatu, mkopo uliochukuliwa kwa laini yake ni deni lake. Anafungua macho, anajifunza tena kukaa, anaambiwa kizazi hakipo tena, halafu siku anaposhika simu yake anakuta meseji kumi za mkopeshaji na kikomo chake kimefungwa. Ndicho kikomo alichokuwa akinunulia mzigo Gikomba au Kibuye. Familia imeshalipa hospitali na kusahau. Yeye anaanza maisha mapya akidaiwa, na biashara ambayo ingemlisha wakati wa kupona haina mtaji.

Akiwa na fahamu zake, muulizeni, na PIN aiweke mwenyewe. Akiwa hana, simu ikae kwa mtu mmoja, iwe na chaji, ipokelewe ikipigwa. Mwenyekiti wa chama aambiwe mapema kwamba mweka hazina amelazwa. Kama ana mkopo unaoendelea, mkopeshaji apigiwe simu na aelezwe. Simu na kitambulisho visikae kwenye mfuko mmoja pale wodini. Simu ikiibiwa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wake laini ifungwe mara moja, kabla hata ya kumtafuta mlinzi. Na namba yake isiwe ndiyo ya kuchangisha. Pesa itakayoingia humo itakaa humo mpaka yeye mwenyewe aamke.

Wanaosoma bango lenu pia

Bango la mchango likiondoka kwenye kundi la familia na kwenda Facebook, watu wa aina mbili hulisoma. Wa pili wana simu tatu na wanajua jina la mgonjwa, hospitali na wodi, kwa sababu mmeandika yote.

Mmoja wao anapiga usiku. "Mimi ni daktari wa zamu, mgonjwa wenu amebadilika, kuna sindano haiko hapa, tuma elfu kumi na tano sasa hivi kwa hii namba." Sauti imetulia, inajua jina la mama na siku aliyolazwa. Mtu mwenye akili zake hutuma. Kwa hivyo kubalianeni leo, kabla hajapiga: hakuna pesa ya matibabu inayotumwa kwa namba ya mtu, awe daktari, awe nesi, awe nani. Kata simu, mpigie aliye kando ya kitanda. Dawa ikikosekana kweli, mlezi atapewa karatasi na ataipeleka duka la dawa.

Mwingine anachukua bango lenu, anabadilisha namba tu, analirusha tena. Dawa yake ni kuandika kwenye bango jina litakalotokea mtu anapotuma, na kumwambia kila mtu asimame hapo kwenye jina kabla ya kubonyeza kukubali. Jina likiwa jingine, acha. Wa tatu anatuma meseji iliyotengenezwa kufanana na ya mtandao, kisha anapiga akilia kwamba ametuma 8,500 kimakosa badala ya 500, mrudishieni. Mweka hazina aangalie salio, si meseji. Na hata kama pesa kweli imeingia, asirudishe kwa mkono. Aliyetuma aombe marejesho kwa mtandao wake, huko ndiko njia yake.

Tungependa pia picha za mama akiwa na mipira puani zisiwepo kwenye mabango. Watu husema picha ndiyo inayoleta pesa. Labda. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hata bila sheria, mama huyu atapona na atakwenda sokoni, na mwanawe atajifunza kusoma. Picha ya harusi inatosha. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe. "Matatizo baada ya kujifungua" yanatosha. Kizazi kutolewa ni habari yake, na yeye ndiye wa kuamua nani aambiwe, hata kabla ya mama mkwe.

Wiki ya nane

Akiwa nyumbani, kundi lipunguzwe lakini lisifungwe. Wabaki wale wa 500 kwa wiki na mtu mmoja wa kupanga nani anakwenda lini. Mtu akienda kumwona asipeleke soda na mkate peke yake. Amuulize mlezi kwanza kinachokosekana, mara nyingi ni pedi, gesi, au nauli ya kliniki ya Jumatano. Na aangalie. Kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, homa, damu inayoongezeka badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida, kidonda kinachotoa usaha: hiyo ni ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, na mfuko wa pili uwe na pesa ya gari la usiku ambayo haiguswi kwa kitu kingine. Vilevile mama anayelia kila siku, asiyetaka kumshika mtoto, au anayesema afadhali angekufa. Yule naye ni mgonjwa, si mtu asiye na shukrani. Apelekwe kwa daktari, na nauli yake itoke kwenye mfuko ule ule.

Wakati mnafunga, wiki ya nane au ya kumi, mweka hazina alete hesabu ya mwisho kwa mama mwenyewe kabla ya kuipeleka kwenye kundi. Kama kumebaki kitu, yeye ndiye aulizwe kiende wapi: mtaji urudi, deni la kliniki limalizwe, au mtoto afunguliwe akaunti. Akitaka kujua walioshiriki ili awashukuru, apewe majina yote kwenye daftari, pamoja na waliotoa damu na waliolala kwenye benchi. Majina tu. Viwango vibaki kwa mweka hazina.